Namna ya kutunga maswali chokonozi ya kuandika na kufikiri, kwa maalim, mzazi na yeyote mwenye vijana mbele yake

Mpe mtoto wa skuli mada ya "Umuhimu wa elimu" uone, atakujazia ukurasa mzima bila kusita, elimu ni ufunguo wa maisha, elimu ni bahari, elimu haina mwisho, kamaliza. Mchukue mwengine wa Wete na mwengine wa Makunduchi, insha zao ukizichanganya hujui ipi ya nani. Watoto hawana kosa jamani. Mada yenyewe imewafungulia njia ambayo kila mtu kashaipita, na wao wakapita hapo hapo. Nnavoona mie swali gumu sio lile refu wala lenye misamiati mizito, swali gumu ni lile linaloziba njia ya mkato, mtu afike pahala jawabu ya kukariri haimsaidii tena, lazima atazame, au akumbuke, au apime. Na swali la namna hiyo linatungwa, lina hatua zake, mtu yeyote anaweza kujifunza.

Wala hatuanzi sifuri. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu kubwa haina mlango. Aliyetega kamnyima msikilizaji lile neno la wazi, yai, akamuachia alama moja tu ya kushikilia, na akishindwa anatoa mji. Bibi zetu walikuwa wanafanya kazi hii kila usiku. Kilichobaki ni kuichukua akili ile ile tukaipeleka darasani na barazani.

HATUA YA KWANZA: shika kitu, acha mada

"Kilimo Zanzibar" ni mada. Jamvi la karafuu lililoanikwa pembeni mwa barabara Pemba na wingu jeusi linakuja, hicho ni kitu. Mada haina mwisho, kwa hiyo mtu anaelea juu juu, lakini kitu kina ukubwa wake, harufu yake, kina mwenyewe, kina mtu anayekimbia kukikunja. Ukimwambia kijana aandike juu ya lile jamvi ataingia mwenyewe kwenye kilimo, bei, mvua na uchumi, utashangaa, na ataingia kwa mlango wake.

Basi kabla ya kutunga swali toka nje. Kaa Darajani sokoni, au gatini Mkoani boti inapofunga, au Forodhani jioni wakati wanawasha moto, andika vitu ulivyoviona kwa macho, sio mawazo. Makonyo yaliyobaki baada ya kuchambua karafuu. Kamba za mwani zinazokauka uani. Tikiti ya boti iliyoloa. Sinia iliyorudishwa jirani ikiwa tupu, na kwetu kurudisha sinia tupu ni habari nzima. Orodha hiyo ndo mtaji wako.

HATUA YA PILI: tafuta mvutano

Kitu peke yake hakitoshi, mtu anaweza kukiandika vizuri na kikalala. Lazima pawe na vitu viwili vinavyovutana na vyote vina haki. Mfano kilimo cha mwani, kilipoanza kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, walioingia kwa wingi ni wanawake, na wengi wao ndo mara ya kwanza kushika hela za jasho lao wenyewe. Ukisema "eleza faida za mwani" umepata orodha. Ukisema "mama wa Paje kapokea malipo yake ya mwanzo, mumewe kakaa kizingitini, andika mazungumzo yao lakini hela isitajwe na mtu yeyote kati yao" umepata hadithi, maana huyo mama ana la kusema na mume pia ana lake, na kijana anayeandika hawezi kumfanya mmoja mbaya kirahisi rahisi.

Jiulize hivi ukishatunga, je mtu mwenye busara anaweza kusimama upande huu na mwengine mwenye busara upande ule? Kama upande mmoja hausimamiki hata kidogo basi hapo hakuna swali, pana mawaidha, na mawaidha yana pahala pake pengine.

HATUA YA TATU: tia sharti

Hapa ndo penye utamu wote na ntakaa hapa kidogo.

Sharti ni kitu unachomkataza au unachomlazimisha muandishi. Watu wengi wanadhani sharti linaua ubunifu, mie naona kinyume chake kabisa, na ushahidi ni ushairi wetu wenyewe. Mshairi wa tarbia ana mishororo 4 kwa ubeti, kila mshororo mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Hizo ni pingu ngapi? Na ndani yake watu wamesema mapenzi, matusi, siasa, dini, kila kitu. Kwa nini? Kwa sababu neno la kwanza linalokuja kichwani mara nyingi haliingii kwenye mizani, inabidi ulitafute la pili, la tatu, na huko kwenye la tatu ndo unakuta wazo ambalo hukujua unalo.

Masharti ni ya aina nyingi, nitataja yale ambayo nimeyaona yanazaa.

Lipo la kukataza neno. Andika juu ya boti ya Pemba iliyochelewa kuondoka, aya 5, bila ya kutumia neno bahari, maji, boti wala safari. Hapo mtu analazimika kuwaendea watu, mizigo, mtoto anayelia, mzee anayeuliza saa kila baada ya muda, kuku kwenye tenga. Uzuri wake ni kwamba sharti hili unaweza kuliweka kwenye mada yoyote, angalia tu maneno matatu manne ambayo kila mtu angeyatumia, uyapige marufuku. Hata ile "umuhimu wa elimu" inaokoka, kataza neno elimu, skuli, maisha na ufunguo, uone wanakuja na nini.

Lipo la kumfunga msimulizi. Anayesimulia hajui jambo ambalo msomaji kashalijua. Mfano, mtoto wa miaka 7 anasimulia siku ambayo nyumba yao imejaa watu, wanawake wamejifunga kanga ndani, wanaume wamekaa nje kwenye majamvi, yeye kafurahi kwa sababu binamu zake wote wamekuja na hakuna anayemgombeza. Haruhusiwi kujua kuna nini. Hili ni gumu sana, wengi linawashinda mara ya kwanza maana wanamvujishia mtoto akili ya mtu mzima, kwa hiyo usilitoe siku ya mwanzo.

Lipo la kubadilisha mahitaji. Watu wawili wanapatana bei ya pweza lakini wote wawili wanachotaka khasa sio pweza. Hujamwambia wanataka nini, mwachie.

Na lipo la kujibizana, hili la kwetu kabisa. Mmoja anatunga beti 3 za kusifia daladala, mwenziwe anajibu beti 3 za kulaumu, lakini kwa vina vile vile na bila ya kurudia hoja hata moja ya mwenziwe kwa maneno yake. Vijana wanapenda hili kuliko yote, watagombana kwa mizani mpaka adhana.

Tahadhari moja, sharti moja au mawili basi. Ukitia matano mtu anaacha kuandika anaanza kuhesabu.

HATUA YA NNE: maswali ya kufikiri yana ufundi wake

Uandishi unataka mtu aone, uchambuzi unataka mtu apime, na kupima kunataka kitu cha kupimia. Kosa kubwa la maswali yetu mengi ya historia na jiografia ni "taja sababu 5 za". Mtoto anataja tano, anapata tano, hajafikiri hata moja. Jaribu kugeuza hivi.

Mpe jawabu inayojulikana halafu muulize kama inatosha. Tukichukua karafuu, kila mtu anajua nyingi ziko Pemba. Ukiuliza kwa nini utaambiwa kimbunga cha 1872, kiliangusha mikarafuu mingi sana Unguja na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Ni kweli. Sasa swali chokonozi ndo linaanzia hapo: mkarafuu unapandika upya, miaka michache unaanza kuzaa, sasa kwa nini Unguja haikurudi kileleni mpaka leo? Mtoto atalazimika kufikiria mvua, udongo, nani alikuwa na ardhi na nani alikuwa na watu wa kuchuma, bei baada ya kimbunga ilikwendaje, mtu aliyepanda Pemba wakati ule angekubali kung'oa? Mwambie apange sababu zake kwa uzito na atetee kwa nini hii ipo juu ya ile. Hapo tofauti kati ya sababu iliyoanzisha jambo na sababu iliyolifanya jambo lidumu anaipata mwenyewe bila ya kufundishwa.

Chukua tofauti ya vitabu. Vita vya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoipiga kasri ya Unguja kwa mizinga baada ya Khalid bin Barghash, aliyejitawaza sultani bila ya ridhaa yao, kukataa kutoka, kitabu hichi kinasema dakika 38, kile 40, chengine 45. Muda waliopewa uliisha saa 3 kamili asubuhi, mizinga ikaanza kama dakika 2 baadae. Usimuulize mtoto ipi sahihi. Muulize vita vinaanza lini, muda ulipoisha au mzinga wa kwanza ulipolia? Vinamalizika lini, bendera ilipoanguka au bunduki ya mwisho iliponyamaza? Nani alikuwa na saa mkononi, na alikuwa amesimama upande gani? Halafu mwambie achague tafsiri moja, ahesabu, na aseme tafsiri yake inampendelea nani. Swali moja hili linafundisha kazi ya mwanahistoria kuliko sura nzima ya kukariri tarehe.

Chukua jambo linalosemwa na wote. Mchezo wa ng'ombe wa Pemba unasemwa umeachwa na Wareno. Uliza: ushahidi gani ungekufanya ukubali, na ushahidi gani ungekufanya ushuku? Sio lazima afikie jawabu. Anachofanyia mazoezi ni kujua angetafuta nini, wapi, kwa nani, na kwamba kufanana peke yake hakutoshi kusema kimoja kimezaa chengine.

Makisio nayo usiyaache. Boflo ngapi zinaliwa Zanzibar nzima asubuhi moja? Hakuna anayejua na ndo raha yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 1.9. Kijana anaanza, tuseme nyumba moja watu 5, hizo nyumba 380,000, nusu wanakunywa chai kwa mandazi, chapati, muhogo au uji, zinabaki 190,000, kila nyumba boflo 2, jumla 380,000. Mwenziwe anasema hapana, kwetu shamba boflo ni siku moja moja, yeye anapata laki na kidogo. Sasa usikimbilie kusema nani kapatia. Waulize, kati ya makisio yenu yote, lipi likibadilika kidogo jumla inayumba sana? Na ungelipima vipi kesho asubuhi bila ya kuwa na hela? Mmoja atasema atasimama dukani ahesabu, mwengine atasema atamuuliza mwenye tanuri, na hapo umeshapata somo la takwimu.

Mafumbo ya mantiki yapo tele lakini mengi yashazoeleka. Lile la mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayevuka kwa mtumbwi mdogo unaochukua yeye na kitu kimoja tu, mara hii hata mtoto wa darasa la tatu anajua mbuzi anavuka kwanza. Lifufue kwa kuongeza sharti moja, mtumbwi haurudi mtupu, kila safari ya kurudi lazima ubebe kitu kati ya vile vitatu. Waachie wahangaike. Haiwezekani, na kazi sasa sio kutafuta njia ila kuthibitisha kwamba njia hakuna: akianza na chui mbuzi atakula majani, akianza na majani chui atakula mbuzi, kwa hiyo lazima aanze na mbuzi, na kwa kuwa harudi mtupu na ng'ambo hakuna chengine, atarudi na mbuzi huyo huyo, yuko pale pale alipoanza. Kijana akishaweza kusema "haiwezekani na sababu ni hii" badala ya "imenishinda" kapiga hatua kubwa sana.

Na yapo maswali ya nani kapata nani kakosa. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi 3 bila ya umeme wa kutoka bara, waya wa chini ya bahari ulikufa. Taja aliyepata faida, aliyepata hasara, na mtu aliyepata faida kwanza halafu ikamgeukia. Huyo wa tatu ndo swali lenyewe, wale wawili wa mwanzo ni kupasha misuli. Muuza majenereta? Muuza barafu? Mvuvi asiyekuwa na pa kuhifadhi samaki? Waache wabishane, na kila hoja idaiwe "halafu ikawaje?"

HATUA YA TANO: lijibu mwenyewe kwanza

Usitoe swali hujalifanya. Kaa nusu saa na kalamu uandike jawabu yako. Ukiona umemaliza kwa dakika 5 na hukusita popote, swali laini, rudi ulikaze. Ukiona umekwama mpaka mwisho hata sentensi haikutoka, aidha sharti limezidi au kitu chenyewe hukijui.

Kipimo chengine cha siku hizi, lipeleke kwenye programu ya akili mnemba. Ikikujibu vizuri, laini, jawabu ambayo ingeweza kuandikwa na mtu wa mji wowote duniani, basi swali lako bado lina njia ya mkato. Ongeza kitu ambacho lazima mtu akiulize nyumbani au akakione kwa macho. "Muulize mtu mzima wa nyumba yako kitu kimoja alichokiuza akakijutia, andika aya moja kwa sauti ya aliyekinunua." Hapo hata anayetaka kunakili hana pa kunakili, lazima akae na mama yake.

HATUA YA SITA: siku yenyewe

Soma swali mara mbili, usilifafanue. Ukilifafanua sana unawapa jawabu yako na wote wataandika hiyo. Dakika 20 za kuandika kimya zinatosha kwa swali la ubunifu, la kufikiri wape dakika 10 peke yao halafu wawili wawili. Wanaomaliza mapema wasisome kwa sauti, maana wale wanaochelewa mara nyingi ndo wanaochimba.

Anayesoma asikatizwe. Na tafadhali, kijana akiandika jambo la uchungu la kwao nyumbani usilifanye mfano mbele ya wenzake, muite pembeni mzungumze, kama kuna la kusaidiwa lisaidiwe. Kabla hata hujaanza waambie kila mtu ana haki ya kutosoma alichoandika.

HATUA YA SABA: kusahihisha

Kalamu nyekundu ya tahajia iwekwe mbali kwa leo. Pigia mstari sentensi moja ambayo hakuna mwengine darasani angeweza kuiandika, na moja ambayo mtu yeyote angeiandika, umrudishie, mwambie ile ya pili aitoe au aikaze. Basi. Kwa maswali ya kufikiri muulize kitu kimoja tu pembeni ya karatasi: kitu gani ungekiona kesho kingekufanya ubadilishe msimamo? Akikosa cha kusema hoja yake bado haijakaa, na hilo analiona mwenyewe.

Weka daftari, kila swali na tarehe, na neno moja la lilivyokwenda. Lililolala usilitupe, badilisha sharti ulijaribu kwa kundi jengine. Kwa wiki ya kuanzia chukua haya:

Tunga kitendawili cha mashine ya ATM, bila ya kugusa umbo lake wala hela.

Leo maji makavu Jambiani (bahari ikishakupwa, ndo wakati wa kazi ya mwani) ni saa 4 asubuhi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mkulima wa mwani ana mtoto wa kumpeleka skuli zamu ya mchana na harusi ya dada yake wiki ijayo. Mpangie siku 10, na useme siku ipi lazima kitu kimoja kiachwe, na kwa nini hicho.

Andika barua ya kuomba radhi ambayo anayeipokea ataona wazi kwamba muandishi hajutii, lakini pasiwe na neno hata moja la ukali.

Sharti gani la mtaani kwenu watu wanalifuata na hakuna anayejua lilianza vipi? Toa maelezo mawili yanayopingana ya asili yake, halafu sema ungemuuliza nani ili ujue lipi lina nguvu zaidi.